Jinsi ya kumlaza mgonjwa hospitali ya praiveti Nairobi bila bili kukumaliza

Kama ni emajensi usianze kupiga hesabu, kimbiza mtu hospitali iliyo karibu, praiveti ama ya serikali. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inazibana hospitali za praiveti pia. Kwa hivyo mkiambiwa diposti kwanza na mgonjwa anahema kwa shida, ongea kwa heshima lakini usirudi nyuma, "daktari, huyu ni dharura, mshughulikieni kwanza, ya pesa nakuja tuongee." Lakini jua hiyo haki ni mpaka mgonjwa atulie. Akishatulia wataanza kukuuliza unalipaje, na hapo ndio watu wengi wanapotea kwa sababu wanaona haya kuuliza bei mtu wao akiwa kitandani. Uliza. Kuuliza pesa mapema si kukosa mapenzi, ndiyo itawasaidia kumtibu hadi mwisho.

Chagueni mtu mmoja wa familia ashike makaratasi. Mmoja, si ndugu wanne kila mtu na stori yake. Yeye ndiye anasaini, anaongea na bima, anaweka risiti kwa bahasha moja, na anaandika jina la kila daktari aliyepita pale kitandani na siku aliyopita. Utaona baadaye kwa nini.

Diposti inategemea hospitali na wodi, na ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) iko juu kabisa, so kabla ya kusaini fomu ya kulazwa uliza kitanda cha wodi ya kawaida ni ngapi kwa siku na cha chumba cha peke yako ni ngapi, maana usiposema unaweza kupelekwa tu kile kilicho wazi. M-Pesa inakubali 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, sasa kama watu wanachanga, badala ya kila mtu kutuma kwa namba ya mjomba, kila mtu atume moja kwa moja kwa paybill ya hospitali akiweka namba ya mgonjwa kama akaunti. Hata simu ikipotea pesa zimeshaingia kwa bili, na hakuna maneno kwa familia baadaye.

SHA, yaani bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na wengi bado wanadhani ukishajisajili kwa *147# basi umemaliza. Bado, lazima michango iwe imelipwa, na lazima hospitali yenyewe iwe na mkataba na SHA. Halafu inalipa kiwango maalum: kujifungua kawaida 10,000, kwa upasuaji 30,000. Hospitali kubwa za praiveti hapa Nairobi zinatoza zaidi ya hapo kwa mbali na tofauti ni yako. Kama una bima ya kazini usiulize tu "mnachukua hii kadi?", uliza limiti ya kulazwa imebaki ngapi, kwa sababu ile ya kutibiwa na kurudi nyumbani huwa ni tofauti, na uliza kama huo ugonjwa umeachwa nje ya bima. Upasuaji uliopangwa usiende bila idhini ya bima kwa maandishi.

Sasa bili yenyewe. Hospitali nyingi kubwa, konsaltanti (daktari bingwa) hajaajiriwa pale, ana ruhusa tu ya kulaza wagonjwa wake, so ada yake ni tofauti na ya hospitali: daktari wa upasuaji ana yake, wa usingizi ana yake, na yule aliyeitwa kuangalia moyo dakika tano ana yake. Ndio maana nikasema andika majina. Ada hiyo unaweza kuongea na daktari mwenyewe, na wengi ni waungwana, watapunguza ukiwaendea mapema na ukweli wako. Kila siku mbili omba bili ya mpaka hapo, iliyochambuliwa mstari kwa mstari, si ile ya jumla. Kaa nayo na nesi wa wodi. Utakuta sindano ambayo daktari alisimamisha Jumanne bado inahesabiwa Alhamisi, ama kipimo cha damu kimeandikwa mara mbili siku moja wakati mgonjwa alitolewa damu mara moja. Hayo yanarekebishwa haraka faili ikiwa bado iko wodini, ukingoja siku ya kutoka utazungushwa ofisi hadi ofisi.

Ukiona pesa haitafika, sema siku ya tatu, si ya kumi na tatu. Mwambie daktari aandike barua ya kuhamishwa hospitali ya serikali, Kenyatta ama ile ya Kenyatta University, na afisa wa wodi atafute kitanda huko KABLA mgonjwa hajatolewa. Kama deni limeshakuwa kubwa nenda ofisi ya madeni na mpango wa malipo ulioandikwa, kiasi na tarehe. Mahakama Kuu ilishasema mwaka wa 2015 kuzuia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha katiba, lakini bado inatokea, so usiache hati ya shamba ya mzazi pale kama dhamana kabla wakili hajaisoma ile fomu.

Siku ya kutoka anza jioni ya kuamkia, maana bima inaweza kukaa mchana mzima bila kujibu na kitanda kikaendelea kuhesabiwa. Usiondoke bila ripoti ya kuruhusiwa iliyosainiwa, picha za skani na orodha ya dawa yenye majina halisi ya dawa, si ya kampuni, ndio uweze kulinganisha bei famasi za nje.