Kabla hujamwandikia wakala wa vitabu

Dar es Salaam au Nairobi mwandishi hahitaji mtu wa kati. Anabeba muswada wake hadi kwa mchapishaji, iwe Mkuki na Nyota au East African Educational Publishers, kisha anasubiri. London na New York utaratibu ni mwingine. Kampuni kubwa za huko kwa kawaida hazipokei muswada kutoka kwa mwandishi mwenyewe. Sharti upite kwa wakala, yaani mtu anayekuuzia kitabu chako kwa mchapishaji na kuchukua sehemu ya mapato. Basi kama unaandika kwa Kiingereza kitabu cha mambo ya kweli, tuseme historia ya mabaharia wa majahazi kati ya Lamu na Muscat, na unataka kitoke huko, yapo ya kuweka sawa kabla ya barua pepe ya kwanza.

Usikimbilie kukimaliza kitabu. Mtunzi wa riwaya hudaiwa muswada mzima, lakini kitabu cha mambo ya kweli huuzwa kwa andiko, kama tunavyoandika andiko la mradi kutafuta ufadhili. Kumbukumbu za maisha yako mwenyewe ndizo mawakala wengi hutaka kuziona zimekamilika, kwa kuwa hapo wananunua usimulizi. Andiko hufika kurasa 30, hata 50: kitabu kinahusu nini, nani atakinunua, wewe ni nani, vitabu vinavyokaribiana nacho, maelezo mafupi ya kila sura, na sura moja au mbili zilizoandikwa kikamilifu. Mimi ningeanza na hizo sura. Usipoweza kuandika sura moja ikasomeka, hayo mengine ni mapambo.

Penye vitabu vinavyokaribiana ndipo wengi wanapojiponza. Wanaandika kwa fahari kwamba hakijawahi kutokea kitabu kama hiki. Wakala anaposoma hivyo anajiuliza kama wanunuzi wapo. Taja vinne au vitano vya miaka ya karibuni, vilivyopo madukani, useme chako kinaongeza nini. Tasnifu za chuo kikuu zisiwemo.

Swali la kwa nini uandike wewe na si mwingine lijibiwe kwa vitu, si kwa sifa. Una shajara za safari za babu aliyekuwa nahodha? Umewarekodi wazee waliopanda jahazi kwa msimu wa kaskazi? Unasoma Kiarabu? Hayo ndiyo yenye uzito. Ongeza makala ulizokwisha kuchapisha na vipindi vya redio ulivyoalikwa. Wafuasi wa mitandaoni wanasaidia, ila elfu kumi wanaokufuata kwa ajili ya vichekesho hawatanunua historia ya tanga na mlingoti.

Kisha mchunguze wakala mwenyewe. Dalali wa nyumba mjini hukutoza hela ya kuzungushwa hata usipopata chumba. Wakala wa vitabu hatakiwi kukutoza kitu mpaka akuuzie. Kawaida yake ni asilimia 15 ya mapato ya soko la nyumbani kwake, na 20 kwa tafsiri na mauzo ya nje. Anayedai ada ya kusoma muswada, au anayekuibukia kwenye barua pepe akikumwagia sifa kwa kitabu ambacho hajakiona, mwache. Uingereza mawakala wana chama chao, Association of Authors' Agents, na Marekani wana Association of American Literary Agents. Wanachama hufungwa na kanuni za maadili. Kutokuwa mwanachama si kosa, lakini hapo tazama ameuza vitabu gani na kwa nani.

Tuma kwa sita au wanane kwa mkupuo, kila mmoja kwa masharti yake aliyoyaweka wazi. Ukituma kwa hamsini siku moja na andiko lina kasoro, umemaliza mawakala wote kwa kasoro hiyo hiyo. Na usiwe umeshapeleka kazi yako kimyakimya kwa wahariri wa huko, maana mhariri aliyekwisha kukataa, wakala hatamrudia.

Fedha nazo zina mpangilio wake. Malipo ya awali hutolewa kwa mafungu: unaposaini, unapokabidhi muswada, kinapotoka kitabu. Mrabaha huanza kuingia kitabu kikisharudisha malipo hayo. Vibali vya picha na ramani mara nyingi hulipiwa na mwandishi, kwa hiyo ulizia bei zake mapema. Kwa mapato ya Marekani utajaza W-8BEN, fomu ya kodi ya wasio wakazi wa huko, na jiandae kukatwa asilimia 30, kwa sababu Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na nchi hiyo.

Jambo ambalo ningelisema mazungumzo ya kwanza kabisa na wakala ni haki za kuchapisha na kuuza kitabu Afrika Mashariki. Mchapishaji wa London hupenda kuchukua Uingereza na Jumuiya ya Madola kwa pamoja, na humo ndimo zilimo Kenya, Tanzania na Uganda. Matokeo yake kitabu cha mabaharia wa Lamu huuzwa Lamu kwa bei ya London. Mwombe wakala azibakize mikononi mwako haki za eneo letu, pamoja na za tafsiri ya Kiswahili, ili mchapishaji wa hapa aweze kutoa toleo la bei ambayo mjukuu wa baharia anaimudu.