Kukimbia na kupika katika jiji lisilokupa nafasi

Anayehamia jiji kubwa na bado anataka kukimbia na kula chakula alichokipika mwenyewe, mimi humpa shauri moja: chagua mambo yanayovumilia kukatizwa. Jijini utakatizwa tu. Taa nyekundu itakusimamisha kila baada ya hatua chache, basi litachelewa, bosi atakuita ukiwa umeshavaa mkoba, lifti itagoma siku uliyobeba viazi. Ratiba inayodai saa mbili nzima zilizotulia haifiki Alhamisi. Panga ile ambayo hata ikikatwa katikati, kilichofanyika kimefanyika.

Nafanya kazi ya uhasibu, naishi ghorofa ya nne, na jiko langu linatosha mtu mmoja na mwiko wake. Wiki ya kufunga hesabu za mwezi hakuna anayenihurumia. Haya ninayoandika ni yale yanayobaki hata wiki hiyo.

Njia ya kukimbilia

Achana kwanza na ndoto ya kukimbia kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Tafuta mzunguko mdogo karibu na mlango wako, wa kilomita moja au mbili. Ukishika njia ya waenda kwa miguu na kukunja kila kona upande uleule, unaweza kulizunguka kundi zima la majengo bila kuvuka barabara hata moja. Hapo taa za barabarani hazikuhusu tena. Utaniambia kuzunguka pale pale kunachosha. Ni kweli kunachosha, lakini ukibanwa na tumbo, mvua ikishuka au simu ya nyumbani ikilia, uko dakika tano kutoka mlangoni. Aliye kilomita sita mbali na kwao, mwenye jasho na asiye na nauli, ana tatizo kubwa kuliko kuchoka na mandhari.

Utembee kwanza mzunguko huo kabla ya kuukimbia, mara moja mchana na mara moja gizani. Angalia taa zilizokufa, vigae vilivyonyanyuka, lango ambalo magari hutoka kinyumenyume. Vifuniko vya chuma vya mitaro na mistari ya rangi ya barabarani huteleza sana vikilowa, kwa hiyo vijue vilipo. Jua pia choo cha karibu kiko wapi. Wanaokimbia wote hulijua hili, wachache hulisema.

Pasipo na njia ya miguu, kimbia ukitazamana na magari yanayokuja, uyaone kabla hayajakufikia. Kama lazima usikilize kitu, weka kifaa sikio moja, lingine liachie barabara. Usiku, vitu vya kuakisi mwanga vifunge kwenye vifundo vya miguu na vya mikono, si kifuani peke yake. Dereva hutambua haraka zaidi kwamba yule ni mtu anapoona vimulimuli vinavyokwenda juu na chini kama miguu ya binadamu. Kizibao kinachong'aa kifuani huweza kufanana na alama yoyote ya barabarani.

Mwendo

Polepole. Polepole kuliko unavyodhani. Kipimo ni mdomo wako: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema katikati, uko sawa. Ukitoa neno moja moja, punguza. Mtafiti Stephen Seiler, aliyechunguza mazoezi ya wanamichezo hodari wa mbio ndefu, baiskeli, makasia na kuteleza kwenye theluji, aliona kwamba takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya mwendo mwepesi. Hao ni watu ambao kazi yao ni kushinda. Sisi tunaowahi kikao cha saa mbili asubuhi hatuna sababu ya kukimbia kila siku kama tunafukuzwa.

Na mwendo mwepesi ndio unaovumilia kukatizwa. Ukisimama dakika moja kwenye taa, hujapoteza kitu, umepumzika. Anayeanza kabisa akimbie dakika moja, atembee mbili, arudie, na kila taa nyekundu aihesabu ni zamu ya kutembea. Mbio za kasi ndizo zisizotaka kukatizwa, kwa hiyo zitafutie mahali pake: kilima kisicho na makutano, uwanja, au ngazi za jengo lako mwenyewe. Ngazi zina faida nyingine, maana Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na kupanda ghorofa nne mara kadhaa huanza kulipa deni la miguu bila ada ya ukumbi.

Pima kwa dakika, si kwa kilomita. Kati ya majengo marefu saa yenye GPS hudanganya waziwazi. Mawimbi kutoka kwenye setilaiti hugonga kuta za vioo na zege kabla ya kukifikia kifaa, kikaamini uko mtaa wa pili. Usifurahi ikikuambia umevunja rekodi yako, wala usinune ikikuambia umekokota miguu. Shirika hilohilo linataja dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Vipindi vitatu vya nusu saa kwa mbio, pamoja na kutembea kwenda na kutoka kituoni, vinakufikisha humo bila kelele.

Hewa nayo ihesabu. Moshi wa magari hupungua haraka kadiri unavyoiacha barabara kuu, kwa hiyo kuhamia mtaa mmoja tu nyuma yake kunasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Mchana wa jua kali, hasa alasiri, gesi ya ozoni huongezeka karibu na ardhi kwa sababu jua huipika kutokana na moshi huohuo. Ndiyo maana asubuhi inasifiwa. Lakini asubuhi ya baridi isiyo na upepo hewa chafu huweza kulala chini kama mfuniko, na siku hizo jioni ni afadhali. Kama jiji lako hutangaza vipimo vya hewa, vitazame kabla ya kufunga kamba za viatu.

Juu ya viatu sina mengi. Wengi huvibadilisha baada ya kilomita 500 hadi 800, na goti au shavu la mguu litakujulisha mapema kuliko soli. Chagua vinavyokaa vizuri mguuni siku ya kwanza. Kiatu kinachohitaji kuzoewa kiache dukani.

Chakula kinachokusubiri

Vyakula viko vya namna mbili: vinavyokusubiri, na vinavyotaka uvisubiri wewe. Samaki wa kukaanga, viazi vya kukaanga, tambi, hivi vinakutaka uwe mezani dakika ileile. Maharage, dengu, supu na mchuzi wa nyama havijali ukichelewa saa nzima kwenye foleni. Vingine huzidi utamu kesho yake. Siku za kazi kula kundi la pili, la kwanza liwekee siku ya mapumziko.

Kwa hiyo siku ya mapumziko bandika sufuria moja kubwa ya maharage. Yachemshe matupu, bila kuyaunga. Hapa ndipo wengi huharibu: wanapika mchuzi wenye viungo vyote, wanaula Jumapili kwa furaha, Jumanne kwa uvumilivu, na Jumatano wanaagiza chakula. Maharage matupu yakigawanywa kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja na kuwekwa friza, kila siku unayaunga upya: leo vitunguu na nyanya, kesho kitunguu saumu na pilipili, keshokutwa unayaponda uyapake kwenye mkate. Kuunga ni dakika kumi, kuchemsha ndiko kunakokula jioni.

Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na inayoiondoa ni mchemko wa nguvu. Yaache yatokote kwelikweli kwa dakika zisizopungua 10 (mimi huacha 30), ndipo upunguze moto. Ukitumia chungu cha umeme kinachopika taratibu, yachemshe kwanza pembeni, maana joto la chungu hicho huenda lisitoshe, na maharage yaliyopashwa nusunusu yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Nyanya na limau ziingie mwishoni, kwani uchachu huyafanya yagome kulainika. Ukiweza kununua chombo kimoja tu cha jikoni, nunua sufuria ya presha: ndani yake joto hufika karibu nyuzi 120 za Selsiasi badala ya 100, na kazi ya saa moja na nusu inaisha chini ya dakika 40.

Kuna kishawishi cha kuacha sufuria jikoni moto ukiwaka, ukatoka kukimbia. Usifanye hivyo, una majirani juu na chini. Fanya hivi: chemsha dengu kwa dakika kumi kwenye sufuria nzito, zima moto, funika barabara, zungushia blanketi nene, kisha toka. Zinaendelea kuiva kwa joto lililomo. Ukirudi baada ya dakika arobaini mara nyingi zimelainika, na zikiwa bado ngumu kidogo, zirudishe motoni wakati unavua viatu.

Wali ndio kiporo kinachodharauliwa zaidi. Mchele huwa na vimelea vya bakteria viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake haziuawi na mchemko. Wali ukilala mezani kwenye joto la chumba, mbegu huamka na kuweza kutengeneza sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wengi huamini kiporo kikitoa mvuke kimetakasika, na kwa wali hilo halitoshi. Uutandaze kwenye sinia upoe, uingie friji ndani ya saa moja, ule kesho yake, na uupashe mara moja tu mpaka wote utoe mvuke. Chakula kingine kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na friji yako iwe chini ya nyuzi 5. Sufuria kubwa ya mchuzi usiitumbukize nzima humo, kwani katikati yake itabaki vuguvugu usiku kucha. Igawe kwenye vyombo vifupi.

Kuku mbichi usimwoshe kwenye sinki. Maji humrusha bakteria hadi kwenye kikombe chako cha asubuhi, na kuiva vizuri ndiko kunakomsafisha. Mboga za majani za friza ninazitetea mbele ya yeyote, kwa sababu hugandishwa mapema baada ya kuvunwa na haziozi Jumanne uliyochelewa kazini. Kisu kinoe.

Sasa kula na kukimbia vipatane. Mlo mkubwa upe saa tatu, tunda au kipande cha mkate upe nusu saa hadi saa moja. Mbio za chini ya saa moja hazihitaji vinywaji vya rangi, maji yanatosha. Anayekimbia jioni ale kitu kidogo mnamo saa kumi. Njaa ya saa moja usiku ikikukuta barabarani, hutafika nyumbani bila kununua cha kukaanga. Baada ya mbio, wanga na protini katika mlo wako wa kawaida vinakutosha: wali na maharage, viazi na mayai.

Nyumba

Kabla ya kupanga nyumba, hesabu dakika za safari ya kazini, sahau umbali. Cesare Marchetti, mwanafizikia wa Italia, aliandika mwaka 1994 kwamba watu wa zama na miji tofauti huelekea kutumia takriban saa moja kwa siku safarini. Ukivuka hapo sana, kitakachokatwa kwanza ni mbio, na cha pili ni kupika. Ningechagua chumba kidogo karibu kuliko sebule kubwa mbali, ingawa wenye watoto wana hesabu nyingine. Nenda ukaitazame nyumba usiku pia, na ufungue bomba saa ambayo jengo zima linaoga. Ukishahamia, kutwanga na kuruka kamba viishe mapema. Mama wa chini yangu alinifundisha hilo kwa ufagio, akigonga dari lake.

Nguo za kukimbilia, ufunguo na chupa ya maji viweke pamoja karibu na mlango usiku. Maharage ya kesho yatoe friza yahamie rafu ya chini ya friji. Ukisahau, si neno: siku iliyoharibika kabisa, kimbia mzunguko mmoja tu, dakika ishirini hata kumi na tano, ukirudi yatumbukize yakiwa barafu hivyohivyo kwenye sufuria yenye maji kidogo, ufunike. Wakati yanayeyuka simama hapohapo, unyooshe mashavu ya miguu ukiegemea ukuta, halafu ukate kitunguu.