Namna ya kuwatazama krasteshia wadogo wa sakafu ya bahari

Kwenye kiganja kimoja cha mchanga wa pwani mna krasteshia, jamaa wa kaa na kamba, ambao wengi wetu huwakanyaga bila kujua. Kuwapata si kazi ngumu.

Hatua ya 1. Nenda siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Chota mchanga wa juu tu, sentimita tatu au nne. Ukifikia tope jeusi linalonuka kama yai viza, oksijeni imekwisha, nao wengi hawaishi humo.

Hatua ya 2. Hapa ndipo wengi hukosea. Tia mchanga kwenye ndoo ya maji ya bahari (si ya bomba, yatawaua), koroga kwa nguvu, hesabu hadi tano, kisha mimina maji kwenye chekecheo. Mchanga huzama upesi, wanyama hubaki wakielea. Rudia mara tano. Matundu ya milimita 0.5 huwashika amfipodi na kumasea, aina mbili za krasteshia hawa. Kopepodi wa mchangani, aina nyingine iliyo ndogo zaidi, hupenya, kwa hiyo weka chini yake chekecheo cha milimita 0.063.

Hatua ya 3. Suuza kilichobaki kwenye sinia nyeupe, kwa maji yaleyale ya bahari. Tulia kidogo, kisha shika lenzi ya kukuza mara 10. Amfipodi ni bapa kwa pande zake, hivyo hulala ubavu na kujisukuma akizunguka. Kumasea ana kifua kinene na mkia mwembamba wenye vijiti viwili, utadhani kiluwiluwi. Kopepodi hutambaa akijipinda.

Ukimpata amfipodi jike, mtazame chini ya kifua: huenda amebeba mayai mfukoni. Watoto hutoka wakiwa na umbo la wazazi, hawapitii hatua ya buu la kuelea. Basi sumu ikiwamaliza mahali fulani, hakuna mabuu yatakayoletwa na mkondo kuziba pengo. Nao huathirika upesi na uchafuzi. Ndiyo maana maabara huwatumia kupima usalama wa tope.

Wakichimba, huingiza oksijeni ardhini. Wakila mabaki yaliyooza, huyageuza kuwa nyama ya kuliwa na samaki wachanga. Katika Bahari ya Bering, hata nyangumi wa kijivu hulalia ubavu akafyonza tope ili awachuje amfipodi.

Hatua ya 4. Andika idadi, tarehe na mahali, kisha warudishe palepale ulipochota, kabla maji ya sinia hayajapata joto.