Somo: Kubadili rangi za grafiki kwenye PowerPoint

Wiki iliyopita nilikaa ukumbini hapa Bukavu nikimsikiliza mwanafunzi akitetea kazi yake ya mwisho. Grafiki ilikuwa na nguzo sita, kila moja na rangi yake. Ile aliyokuwa akiisemea ilikuwa ya njano, na haikuonekana hata kidogo: jua la saa tano, dirisha halina pazia, projektere imechoka. Jury ikabaki inakodoa macho.

Basi leo tushike rangi. Majina ya menyu nayaacha kwa Kifaransa, maana mashini zetu nyingi ndivyo zinavyosema. Mfano wetu ni bei ya sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani) kwenye masoko ya Kadutu, Nyawera na Bagira, na tunataka watu waangalie Kadutu.

Hatua ya 1. Bofya nguzo yoyote mara moja. Zote zinashikwa pamoja, utaona vidoti kwenye pembe za kila moja. Bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "Remplissage", zipe zote kijivu. Ndiyo, zote. Usiogope.

Hatua ya 2. Sasa bofya nguzo ya Kadutu peke yake. Vidoti vibaki kwake tu. Rudia "Remplissage", lakini safari hii nenda "Autres couleurs de remplissage", kisha "Personnalisées", uandike Rouge 31, Vert 78, Bleu 121. Hiyo ni bluu nzito, hata projektere mbovu haiimezi.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi tunaumia. Ukifungua kibao cha rangi, safu za juu zinaitwa "Couleurs du thème". Hizo si rangi zenyewe, ni nafasi ndani ya mandhari (thème), yaani seti ya rangi za faili: "rangi ya kwanza ya mandhari hii", "ya pili", na kuendelea. Ukinakili grafiki na kuibandika kwenye faili la mwenzako, PowerPoint inachukua rangi za mandhari yake. Mimi niliwahi kupeleka grafiki ya bluu kwa flashi, ikabandikwa kwenye faili la wenzangu, ikatokea mbele ya wakubwa ikiwa ya zambarau. Rangi uliyoiandika kwa namba, au iliyo chini kwenye "Couleurs standard", haihami. Au ukibandika, chagua "Conserver la mise en forme source".

Lakini kama una diapo (slaidi) thelathini na ofisi ina rangi zake, fanya kinyume: badilisha mandhari yenyewe (Création, Variantes, Couleurs, "Personnaliser les couleurs"), na grafiki zote zilizotumia rangi za mandhari zitafuata kwa pamoja.

Hatua ya 4. Bofya grafiki kwa kitufe cha kulia, "Enregistrer comme modèle", yaani ihifadhi kama kiolezo. Kesho hutaanza upya.

MASWALI

Mwanafunzi, Bagira: Yaya, mimi nikibofya mara mbili inafungua dirisha pembeni.
Jibu: Unabofya haraka, mdogo wangu. Bofya, pumua, bofya tena. Ukikosea, Ctrl+Z.

Mama wa shirika, Ibanda: Sisi tunagawa fotokopi nyeusi na nyeupe. Rangi zitasaidia nini?
Jibu: Swali zuri, mama. Nyekundu na kijani vyenye uzito sawa vitatoka kijivu kilekile kwenye karatasi, na hata kwenye skrini wapo wasioweza kuzitofautisha. Tofautisha uzito: moja nzito, moja ya katikati, moja nyepesi. Kisha fungua "Affichage", "Nuances de gris", uangalie kabla ya kulipia kurasa. Na jina la soko liandikwe juu ya nguzo yake, si kwenye kisanduku cha pembeni.

Mwalimu, Kadutu: Mimi situmii PowerPoint, natumia programu ya LibreOffice Impress.
Jibu: Mwalimu, bofya grafiki mara mbili haraka uingie ndani. Halafu nguzo moja ishike vilevile kwa mibofyo miwili ya polepole, kitufe cha kulia, "Formater le point de données". Namba zile tatu zinafanya kazi huko pia.

Mwanafunzi, Bagira: Imekubali! Aksanti yaya.