Kabla ya kurusha droni kwenye mkonge, ijue besi yako

Setilaiti peke yake hukuonyesha ulipo kwa kukosea mita 2 hadi 5. Ukiwa safarini kwenda Pangani, hiyo inatosha. Kwa droni inayopima mistari ya mkonge huku Tanga, haitoshi hata kidogo. Ndiyo maana tunatumia masahihisho ya RTK, yaani ya papo hapo droni ikiwa angani: kipokezi kimoja, besi, kinakaa chini pahali panapojulikana, kinasikiliza setilaiti zilezile za droni na kuipelekea droni data ya kujirekebishia, hadi kosa libaki sentimita 2 au 3.

Panapojulikana, nasisitiza. Besi ikikosea mahali pake, droni nayo hukosea kiasi kilekile. Mimi niliwahi kuiacha ijikadirie yenyewe, na kesho yake nikaiwasha palepale ijikadirie upya. Ramani za siku hizo mbili zilipishana zaidi ya mita. Mistari ya mkonge ilikatika katikati ya shamba kama kanga iliyoungwa vibaya. Na siku zote mbili skrini iliandika kwamba kila kitu kiko sawa! Kwa hiyo zika nondo kwenye zege, ipimishe mara moja kwa mpimaji, na kila asubuhi pima kwa tepu urefu wa antena kutoka kwenye nondo. Andika daftarini, usitegemee kichwa.

Uliza pia ramani ya shamba ilichorwa kwa mfumo gani wa kuhesabu mahali. Nyingi za zamani ni za Arc 1960, na ukizichanganya na WGS84 ya setilaiti unahama kama mita 300. Urefu nao usikutishe: ufukweni kipokezi husoma chini ya sifuri kwa zaidi ya mita 20, kwa sababu hakihesabu kutoka usawa wa bahari.

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kiombwe mapema. Mtandao wa simu unaopeleka masahihisho kwa droni ujaribu shambani kwenyewe, si mjini. Ukisuasua, tumia redio. Besi iwe ndani ya kilomita 10, mbali na mabati na minazi.

Ruka asubuhi. Huku karibu na ikweta, jua likizama anga ya juu huchafuka, hasa Machi na Septemba, na masahihisho hukatikakatika.

Mwisho, iweke droni juu ya alama ya pili uliyokwisha kuipima. Namba zikipishana na daftari kwa zaidi ya sentimita 5, usirushe. Rudi kwenye besi.