Je, Kukaa Bwenini Kunahesabika kama Kupanga? Namna ya Kujaza Fomu ya Kuomba Nyumba Marekani

Mwanafunzi aliyekaa bwenini miaka miwili au mitatu katika chuo cha Marekani, kisha akaamua kutafuta nyumba ya kupanga, hukabidhiwa fomu yenye sehemu inayouliza alikopanga hapo awali: anwani, jina na simu ya mwenye nyumba, kodi ya mwezi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na sababu ya kuhama. Hapo ndipo kalamu inapokwama. Bweni ni historia ya makazi bila ubishi, lakini wenye nyumba wengi hawalihesabu kuwa historia ya upangaji. Hata hivyo, hakuna sheria ya nchi nzima inayowazuia kulikubali, na kwa kuwa uamuzi ni wao, kazi ya mwombaji ni kuwapa karatasi zitakazowaondolea wasiwasi.

Wasiwasi wenyewe una msingi. Karatasi anayosaini mwanafunzi kabla ya kupewa ufunguo wa bweni, kwa kawaida, si mkataba wa pango bali ni kibali cha kutumia chumba. Chuo kinaweza kumhamishia chumba kingine, kumchagulia wa kukaa naye, kufunga jengo wakati wa likizo, au kumtoa kwa taratibu zake za ndani bila kupitia mlolongo wa mahakama unaomlinda mpangaji. Ada nayo hulipwa kwa muhula, mara nyingi moja kwa moja kutoka kwenye mkopo au ufadhili, wakati mwenye nyumba anataka kumjua mtu anayetoa kodi mfukoni mwake kila mwezi kwa tarehe iliyowekwa. Anataka pia kujua kama mtu huyo hutunza chumba na kama majirani wamewahi kumlalamikia. Mambo haya mawili ya mwisho bweni huyathibitisha vizuri kabisa. La kwanza ndilo gumu.

Kabla ya kuandika chochote, soma tena karatasi uliyosaini. Yako majengo ya watu binafsi karibu na vyuo ambayo hupangishwa kwa wanafunzi, kila mmoja akiwa na mkataba wake wa kitanda au chumba chake. Watu huyaita mabweni kwa mazoea tu, ilhali aliyekaa humo ni mpangaji kamili na historia yake ni ya upangaji halisi. Nimeona wanafunzi wakijinyima wenyewe kwa kuandika “bweni” mahali ambapo wangeweza kutaja mwenye nyumba, kodi na mkataba wa miezi 12.

Aliyekaa katika bweni la chuo hasa asiache sehemu hiyo wazi, kwa sababu nafasi tupu humfanya msomaji wa fomu adhani kuna jambo linafichwa. Wala asiandike jina la rafiki au mjomba kana kwamba ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Uongo kwenye fomu ukigundulika ni sababu tosha ya kukataliwa, na mikataba mingi huruhusu mpangaji kuchukuliwa hatua hata baada ya kuhamia. Penye jina la mwenye nyumba andika ofisi ya malazi ya chuo, si mwanafunzi mwenzako anayesimamia ghorofa. Penye anwani andika jina la jengo na mtaa, si sanduku la posta.

Kodi ya mwezi ndiyo huwachanganya wengi. Chukua ada ya chumba peke yake, bila gharama ya chakula, kisha gawanya kwa miezi uliyokaa: kama ada ilikuwa dola 8,100 kwa miezi tisa, andika dola 900, na pembeni ueleze kwamba ni makadirio kwa kuwa ada hulipwa kwa muhula. Sababu ya kuhama iwe fupi: mkataba wa mwaka wa masomo umekwisha. Miezi ya likizo pia iandikwe, pamoja na anwani ya mzazi au ndugu uliyekaa kwake, ili tarehe zisiwe na mapengo.

Karatasi yenye uzito zaidi ni barua kutoka ofisi ya malazi. Usitegemee kwamba mwenye nyumba atapiga simu chuoni na kujibiwa, kwa sababu sheria ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi ya 1974, iitwayo FERPA, kwa kawaida hukizuia chuo kutoa taarifa za mwanafunzi kwa mtu wa nje bila idhini yake ya maandishi. Saini idhini hiyo mapema, kisha uombe barua isemayo takriban hivi: “Tunathibitisha kwamba aliyetajwa alikaa katika jengo letu tangu Agosti 2022 hadi Mei 2024, ada zake zote zimelipwa, chumba kilikaguliwa na kukabidhiwa bila uharibifu, na hana shauri la nidhamu linalohusu makazi.” Iombe mara tu unaporudisha ufunguo, wakati kumbukumbu za ukaguzi bado ziko karibu.

Kifungu cha barua hiyo kuhusu ada zilizolipwa kisipuuzwe. Malipo ya bweni yaliyofanywa kwa wakati kwa kawaida hayaonekani kwenye taarifa yako ya mikopo, yaani rekodi ya jinsi unavyolipa madeni, lakini deni la chuo likipelekwa kwa wakusanya madeni linaweza kuonekana humo na kubaki hadi miaka 7. Hata faini ndogo ya ufunguo uliopotea imalizwe.

Barua hiyo haizibi pengo la kipato. Wenye nyumba wengi hutaka kipato cha mwezi kisichopungua mara tatu ya kodi, na jijini New York desturi ni kipato cha mwaka kinachofikia mara 40 ya kodi ya mwezi, huku mdhamini akitakiwa mara nyingi kufikisha mara 80. Kwa kodi ya dola 1,500, hiyo ni dola 60,000 kwa mpangaji na dola 120,000 kwa mdhamini. Mwanafunzi kutoka nje aambatishe barua ya ufadhili, taarifa ya benki na fomu yake ya I-20 (ile ambayo chuo humpa kwa ajili ya viza ya mwanafunzi), na aulize mapema kama mdhamini anayeishi nje ya Marekani atakubaliwa, kwani wengi hukataa.

Wako wanaojaribu kufidia kwa kuahidi amana kubwa. Angalia kwanza sheria ya jimbo: New York, tangu 2019, amana haizidi kodi ya mwezi mmoja, na ada ya kumchunguza mwombaji haizidi dola 20. California nayo iliweka kikomo cha mwezi mmoja kwa wengi wa wenye nyumba kuanzia tarehe 1 Julai 2024, ikiwaachia baadhi ya wamiliki wadogo miezi miwili.

Ukikataliwa kwa sababu ya taarifa iliyotoka kwa kampuni ya kuchunguza wapangaji au mikopo, sheria ya 1970 kuhusu taarifa za mikopo inamlazimu mwenye nyumba kukujulisha na kukutajia kampuni hiyo. Una siku 60 za kuomba nakala bila malipo, na haki ya kupinga kosa lililomo. Ukikataliwa kwa sababu tu ya kuwa mwanafunzi, sheria ya shirikisho ya 1968 dhidi ya ubaguzi katika makazi haikulindi, kwa kuwa haitaji uanafunzi, ingawa Washington, D.C. inao ulinzi huo katika sheria yake yenyewe. Ndiyo maana inafaa kuuliza kwa maandishi, kabla ya kulipa ada ya maombi, maswali mawili: je, barua ya ofisi ya malazi ya chuo inakubalika badala ya maelezo ya mwenye nyumba wa awali, na kama haikubaliki, je, mdhamini atatosha?