Somo: Kushika na kupiga bunduki ya semi-otomatiki bila kujiumiza wala kuumiza mtu

Wakuu salama? Wengi wanaoanza kushika hizi semi-otomatiki wanazichukulia kama zile bunduki za kukoki kila risasi, na hapo ndo balaa linapoanzia. Ile ya kukoki ukishapiga imetulia, mpaka wewe mwenyewe uvute boliti (kile chuma kinachoteleza nyuma na mbele kuingiza na kutoa risasi) ndo risasi nyingine inaingia. Hii ukipiga moja, gesi ya baruti inasukuma boliti nyuma (kwenye nyingi za .22, zile za risasi ndogo, ni ule msukumo wa ganda tu), ganda linaruka nje, spiringi inairudisha boliti mbele na njiani inabeba risasi mpya toka kwenye magazini (kasha la risasi) inaitia chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa kusubiri kupigwa), yote hayo hujapepesa hata jicho. Haimwagi mfululizo kama otomatiki kamili, kila risasi inataka uvute triga upya, lakini ukiacha kupiga ujue umeshika bunduki iliyojaa na imeshakokiwa. Mtu anasema "nimemaliza" kumbe bunduki ndo kwanza iko tayari.

Hatua ya 1. Kabla hujaigusa. Hakikisha una kibali na mtu anayeijua hiyo bunduki yuko pembeni yako, maandishi hayatoshi. Vaa miwani na vizuia sauti vya masikioni. Mlio wa bunduki unavuka desibeli 140, risasi moja tu inaweza kukuachia mlio wa nyuki masikioni maisha yako yote, na sikio likishakufa hivyo halirudi. Vaa na shati la kubana shingoni, sababu ntaisema.

Hatua ya 2. Kuishika. Mtutu unaelekea upande ambao hata ikilia hakuna wa kuumia, kidole kiko nje kabisa, kimelala ubavuni mwa bunduki, juu zaidi ya triga ilipo bila kuigusa, sio kimeegeshwa kwenye kile kibangili cha triga. Na kila bunduki unayopewa ichukulie ina risasi, hata kama aliyekupa ameikagua mbele ya macho yako. Ikague tena, hakuna atakayenuna, na akinuna basi huyo si wa kwenda naye shabaha.

Hatua ya 3. Kuitoa risasi. Hapa tukae kidogo maana ndo moyo wa somo. Magazini KWANZA, boliti BAADAE. Weka sefti (kile kizuizi cha kufanya bunduki isilie) kama inakubali, chomoa magazini uiweke mbali, halafu vuta boliti nyuma kwa nguvu mara mbili tatu, risasi iliyokuwa chemba itaruka nje. Kisha ifunge boliti ikiwa nyuma kama bunduki yako ina uwezo huo, uangalie chemba kwa macho, alafu uingize ncha ya kidole kidogo uguse, sababu kwenye giza au ukiwa umechoka macho yanadanganya.

Ukikosea mpangilio ukavuta boliti wakati magazini bado imo, utaona risasi moja imeruka nje, roho inatulia, kumbe boliti ikirudi imebeba nyingine imeitia chemba, ndo unachomoa magazini na kujiona uko salama. Mi mwenyewe imenikuta, mwaka wa kwanza wa kujifunza, nikavuta, nikaona risasi imeanguka, nikachomoa magazini, nikabonyeza triga "kuthibitisha". Ikalia. Kilichoniokoa ni mtutu kuangalia tuta la mchanga tu, la sivyo leo nisingekuwa nawaandikia hapa kwa raha hivi. Tangu siku hiyo nahesabu kwa sauti kama mtoto: magazini, boliti, macho, kidole.

Angalizo kuhusu sefti, hazifanani. Zile za muundo wa AK (kama AK-47), sefti ikiwa juu inazuia mkono wa boliti usirudi mpaka mwisho, kwa hiyo kuitoa risasi lazima uishushe, na muda huo mtutu ndo ulinzi wako pekee. Za muundo wa AR (kama AR-15) ni tofauti, kama nyundo ya ndani inayofyatua risasi haijakokiwa sefti haikubali kuingia. Usiilazimishe.

Hatua ya 4. Kujaza. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu na yaliyo kwenye kiboksi cha risasi, yafanane. Usijaribu kwa kuona "inaingia", risasi ya .300 Blackout inakaa vizuri tu kwenye magazini ile ile ya .223, na ukiipiga kwenye mtutu wa .223 bunduki inaweza kupasuka usoni. Ingiza magazini mpaka usikie imejifunga, ivute chini kidogo kuhakikisha, vuta boliti nyuma halafu IACHIE. Usiisindikize na mkono kwa upole, spiringi inataka nguvu yake yote ili boliti ifunge kamili. Ukiwa mgeni weka risasi moja tu kwanza, kisha mbili, ukishazoea msukumo ndo ujaze.

Hatua ya 5. Kupiga. Kitako kibane kwenye bega, shavu lilale, mguu mmoja mbele na mwili uegemee mbele kidogo. Jua kilichopo nyuma ya shabaha. Hata hii ya .22 tunayoiita ya kitoto inaweza kuruka zaidi ya kilomita 1.5, za kijeshi nyingine zinavuka 3, kwa hiyo vichaka sio ukuta. Ukishapiga kidole kinatoka nje, sefti inarudi, ndo unaongea na jirani. Sasa lile shati: ganda linatoka la moto, likikudondokea kifuani utaruka na kugeuka, na mtutu unageuka na wewe ukiwaangalia wenzako. Likiingia livumilie, weka bunduki chini ikielekea mbele, ndo ujikune.

Baada ya hapo rudia hatua ya 3, nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla hujala chochote (risasi ina madini ya ledi, ni sumu), na nyumbani bunduki ifungiwe kwake, risasi kwao, funguo usizitundike ukutani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu nimevuta triga imesema "tik" tu, haijalia. Nivute boliti fasta?
Jibu: Hapana. Elekeza mtutu kwenye shabaha, hesabu angalau sekunde 30, kuna baruti zinazochelewa kushika. Zikiisha ndo uchomoe magazini na uvute boliti, uso wako usiwe karibu na tundu la kutolea maganda. Ila kama ililia kinyonge, "pufu", haina msukumo, simamisha kila kitu, hapo risasi inaweza kuwa imekwama ndani ya mtutu na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unapasuka. Na semi-otomatiki ina mtego hapo, ikilia kinyonge mara nyingi boliti hairudi, mtu anadhani imekwama tu, anakoki na kupiga tena.

Swali: Boliti ikibaki nyuma yenyewe si ndo dalili risasi zimeisha?
Jibu: Inategemea. AR na SKS (semi-otomatiki ya Kirusi) zinabaki wazi, AK nyingi zinajifunga kama kawaida, na ile Ruger 10/22 (ya .22) nayo haibaki wazi risasi ya mwisho ikitoka. Usitegemee dalili, kagua.

Swali: Natumia mkono wa kushoto, maganda yananipita usoni, ni kawaida?
Jibu: Ndio ndugu yangu, nyingi zimetengenezwa kwa wa kulia. Miwani usivue na kofia yenye ukingo inasaidia sana.

Swali: Babu ana M1 Garand (bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani) anasema imewahi kumbana dole gumba, anatania?
Jibu: Hatanii hata kidogo. Ile inajazwa kwa klipu (kibanio cha chuma) ya risasi 8 toka juu, ukishaikandamiza ikakaa boliti inaweza kuchomoka mbele yenyewe na dole limo. Zuia mkono wa boliti kwa ubavu wa kiganja chako cha kulia wakati dole linasukuma klipu, toa dole, ndo uachie.

Swali: Ikiniponyoka mkononi niidake?
Jibu: Iache ianguke. Ukiidaka hewani vidole vinatafuta pa kushika na mara nyingi vinaikuta triga. Ikishatulia chini iokote mtutu ukiwa upande salama, halafu magazini, boliti, macho, kidole.